Mkojo wa Mwanzo, wa Katikati na wa Mwisho

Mhadhara wa wazi kuhusu vimelea vya njia ya mkojo na magonjwa ya zinaa

 

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo karibu kila aliyemo humu anadhani tayari analijua. Kaa barazani dakika kumi tu utasikia: fulani ana UTI, mkewe ana UTI, mtoto wa jirani juzi kakutwa na UTI pamoja na taifoidi. Miaka ya nyuma kila homa ilikuwa malaria. Siku hizi kipimo cha malaria kikisema hakuna, lazima pawe na jina jingine la kuandika kwenye cheti, na jina lililo karibu ni hilo. Mgonjwa anatoka kwenye chumba cha maabara na kikaratasi kinachosema "seli za usaha 6 hadi 8", na muda si muda yuko duka la dawa ananunua sipro. Mhadhara wangu ni ugomvi na kikaratasi hicho.

Upo utafiti mkubwa uliofanywa Kenya, Tanzania na Uganda, unaojulikana kwa jina la HATUA. Watu zaidi ya 7,000 waliofika kwenye vituo vya tiba na dalili za UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, walichukuliwa mkojo, ukaoteshwa maabara kwa utaratibu unaostahili. Bakteria wa kutosha kuitwa maambukizi walipatikana kwa mtu mmoja hivi kati ya watatu. Wale wengine wawili hawakuwa wakidanganya. Walikuwa wakiungua kweli wakikojoa, au tumbo la chini likiwauma kweli. Baadhi yao walikwisha kumeza dawa kabla ya kufika, na dawa ikawaua bakteria bila kumaliza maumivu. Lakini si wote. Walikuwa na nini?

Ninachotaka kuwaeleza ni kwamba jibu la maabara mara nyingi huamuliwa kabla mkojo haujafika maabara. Huamuliwa chooni, na mtu aliyeshika kikopo, ambaye hakuna aliyemwambia akinge mkojo upi. Maana mkojo wa mwanzo, wa katikati na wa mwisho, hata ukitoka kwa mtu yuleyule kwa mara moja, haubebi habari moja. Ugonjwa unaoonekana katika mmoja unaweza kukosekana katika mwingine.

Wa katikati

Naanza katikati kwa kuwa ndiko kulikozoeleka.

Bakteria anayesababisha takriban UTI tatu katika kila nne za kawaida ni Escherichia coli, mkazi wa utumbo. Daktari wa watoto Theodor Escherich alimweleza mwaka 1885 huko Munich, baada ya kumkuta katika kinyesi cha watoto wachanga. Utumboni anaishi nasi bila ugomvi. Matata huanza akihama. Kwa mwanamke, kutoka njia ya haja kubwa hadi tundu la mkojo ni karibu sana, na kutoka hapo hadi kibofuni ni mrija wa sentimita 4 hivi. Mrija wa mwanamume unakaribia sentimita 20. Tofauti hiyo ya sentimita ndiyo sababu kubwa ya wanawake kuugua UTI mara nyingi kuliko wanaume, na ningependa akina mama mkwe waliomo humu waisikie vizuri: si uchafu wa mtu wala tabia yake.

Si kila E. coli anaweza kuishi kibofuni, kwa kuwa mkojo hupita na kusomba. Wanaoweza wana vinywele vyenye ncha inayoshika sukari zilizo juu ya seli za kibofu, wakanata hapo mkojo ukipita. Baadhi wana vinywele vya aina nyingine vinavyowawezesha kupanda hadi kwenye figo, na hapo ndipo mgonjwa hupata homa, kutetemeka na maumivu ya ubavuni. Wengine kwenye orodha ya bakteria wa UTI ni Klebsiella, Enterococcus, na Staphylococcus saprophyticus anayependa kuwapata wanawake vijana. Yupo pia Proteus, ambaye huvunja yurea iliyo kwenye mkojo na kutoa amonia. Mkojo hupoteza uasidi wake, chumvi huganda, na mtu aliyekuja na UTI anaweza kuishia kuwa na mawe ya figo. Aliyewekewa mpira wa mkojo wodini ana orodha yake, na ni ndefu kuliko hii.

Sasa tatizo la fundi wa maabara ni hili: mkojo wowote unaotoka kwa njia ya kawaida hupita kwenye ngozi na ute wenye bakteria wake. Utajuaje nani katoka kibofuni na nani kadandia njiani? Mwaka 1956 Edward Kass wa Boston alilijibu swali hilo kwa kuhesabu. Aliona kwamba waliokuwa na maambukizi ya kweli kwa kawaida walikuwa na bakteria 100,000 au zaidi katika mililita moja ya mkojo, na waliochafuliwa njiani walikuwa na wachache mno kuliko hapo. Namba hiyo ikaenea dunia nzima. Hadi leo mwanafunzi wa maabara anaijua kabla hajajua jina la Kass.

Ila Kass hakuwa anachunguza mwanamke anayeungua akikojoa. Alikuwa anahangaika na maambukizi ya figo na yale yasiyo na dalili. Mwaka 1982 Walter Stamm na wenzake huko Seattle walionyesha kwamba kwa mwanamke mwenye dalili za wazi, hata bakteria 100 wa aina ya E. coli kwa mililita wanaweza kuwa ndio ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo mtu akikuambia "hawakufika laki moja, huna kitu", muulize kwanza kama alikuuliza unavyojisikia.

Kuhesabu kwenyewe hakuna muujiza. Fundi huchukua kitanzi kinachobeba mikrolita 1 ya mkojo, huupaka kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, huiweka kwenye joto la mwili usiku kucha. Kila bakteria aliye hai huzaa koloni moja inayoonekana kwa macho. Asubuhi akikuta koloni 100, maana yake ni bakteria 100,000 kwa mililita. Kisha huweka visahani vidogo vya dawa kuona ipi inawaua, na hiyo ni siku nyingine. Zikiota aina tatu au nne kwa pamoja, fundi mwaminifu haandiki jina la bakteria hata mmoja. Huandika kwamba sampuli imechafuka na huomba nyingine. Wagonjwa hulichukia jibu hilo. Mimi nikiliona najua maabara ile ina watu.

Ndiyo maana tunaomba mkojo wa katikati. Jisafishe kwa maji, mwanamke atenganishe mashavu ya uke, mwanamume asiyetahiriwa avute govi nyuma. Mkojo wa kwanza uache uende chooni, usikatize, ingiza kikopo, na ukitoe kabla hujamaliza. Halafu kikopo kisikae dirishani. Bakteria 1,000 tu, wakigawanyika mara moja kila nusu saa kwenye joto la Dar es Salaam, baada ya saa nne wamezidi 250,000. Sampuli safi imeugua ikiwa mezani. Ndani ya saa mbili iwe imeoteshwa, au iwekwe kwenye friji.

Wengi wenu hamjawahi kuoteshewa mkojo. Mmechovewa stiki yenye vibandiko vya rangi. Sipingi stiki. Kibandiko cha naitraiti hubadilika kwa kuwa E. coli na jamaa zake hugeuza naitreti kuwa naitraiti, kazi inayowahitaji saa nne hivi mkojo ukiwa kibofuni. Kwa hiyo mkojo wa alfajiri husema kweli zaidi kuliko wa mtu anayekojoa kila nusu saa, na yule Staphylococcus wa wanawake vijana hageuzi kitu, hivyo stiki humwacha apite. Kibandiko cha pili hutafuta chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo zile "seli za usaha" za kwenye hadubini. Seli hizo zinasema mwili umechokozwa mahali fulani. Aliyeuchokoza hazimtaji.

Na kuna wale wenye bakteria tele bila dalili yoyote. Mzee mwenye kisukari au bibi wa miaka 80 akikutwa hivyo bila maumivu wala homa, kwa kawaida aachwe. Mjamzito haachwi, kwake bakteria hao wanyamavu wanaweza kupanda kwenye figo na kumsababishia uchungu kabla ya wakati. Ndiyo maana kliniki humtaka mkojo hata akisema hana shida.

Wa mwanzo

Yote niliyosema yanahusu vimelea vinavyokaa kibofuni. Vipo visivyofika huko. Kisonono na klamidia hushika seli za mrija wenyewe wa mkojo, na kwa mwanamke hushika hasa mlango wa kizazi. Mkojo unapoanza kutoka ndio unaosuuza mrija. Mililita 20 au 30 za kwanza ndizo zenye ushahidi, na kipimo cha kisasa cha vinasaba huzitaka hizohizo, kutoka kwa mtu ambaye hajakojoa kwa saa moja au zaidi. Hakuna kujisafisha kwanza.

Mnaona matatizo yaliyopo? Kijana mwenye klamidia akifuata maelekezo ya UTI kwa utiifu kamili, anamwaga ugonjwa wake chooni na kuleta maabara mkojo uliosuuzwa. Seli za usaha huenda zikabaki. Mkojo ukioteshwa hauoti kitu. Anaandikiwa UTI hata hivyo, kwa kuwa seli zipo, na anapewa dawa ya kibofu.

Na hapa lazima niseme jambo lisilo la maabara. UTI ni jina lenye heshima. Mtu anaweza kulitaja mbele ya mama yake, mbele ya bosi, hata kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Gono halitajwi. Mhudumu wa afya naye ni binadamu; anajua akiandika kisonono kwenye daftari la mume wa mtu, kuna nyumba itawaka moto jioni hiyo. Basi wote wawili, mgonjwa na mtabibu, hukubaliana kimyakimya juu ya UTI. Mume anameza dozi. Mke hapewi chochote kwa kuwa UTI "haiambukizi". Baada ya wiki tatu mume anaungua tena, na sasa inaitwa UTI sugu. Nimeyaona majibu ya namna hiyo mengi mno kuamini kwamba ni bahati mbaya. Neno la staha limemnyima mwanamke mmoja matibabu, na mirija yake ya uzazi inaziba polepole bila yeye kusikia maumivu.

Kisonono ndicho kilichoonekana mapema. Albert Neisser alikigundua kimelea chake mwaka 1879 huko Breslau, akiwa na miaka 24. Miaka mitano baadaye Hans Christian Gram, Mdenmark aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alibuni ile rangi inayotumika katika kila maabara ya wilaya hadi leo. Paka usaha wa mwanamume kwenye kioo, tia rangi ya Gram, na utaona vidoa viwiliviwili vyekundu, mfano wa punje mbili za kahawa zilizotazamana, vimejazana ndani ya seli za usaha. Kwa mwanamume anayetoka usaha kipimo hicho cha bei ya karibu bure hukosea kwa nadra. Kipimo hichohicho kwenye ute wa mlango wa kizazi hukosa takriban nusu ya wanawake wenye ugonjwa. Ndivyo vilivyo vipimo vingi vya magonjwa haya: vilitengenezwa kwa mwili wa mwanamume na kukopeshwa kwa wanawake.

Klamidia ni tabu zaidi. Haioti kwenye sahani, kwa kuwa huishi ndani ya seli hai tu. Haionekani kwa rangi ya Gram. Wanawake wengi walionayo hawana dalili yoyote. Wakati huohuo ni bakteria tunayemfahamu kwa sura nyingine: Chlamydia trachomatis, aina zake za herufi A hadi C, ndiye anayeleta vikope, ugonjwa uliopofusha wazee wengi wa Kongwa mkoani Dodoma, ambako watafiti wamepiga kambi kwa miongo kadhaa. Aina za D hadi K ndizo za sehemu za siri. Mama anaweza kumwambukiza mtoto machoni wakati wa kujifungua. Kumpata kwa uhakika kunahitaji kipimo cha vinasaba, na kwa mwanamke sampuli bora wala si mkojo. Ni kijiti cha pamba anachojipitishia mwenyewe ukeni, nyuma ya pazia, bila mtu kumtazama. Mashine ya GeneXpert iliyopo hospitali nyingi kwa ajili ya kifua kikuu inaweza kuifanya kazi hiyo kwa dakika 90 hivi, pamoja na kupima kisonono. Kinachokosekana ni katriji yake, na anayelipia.

Trikomona naye ni mdudu wa kuogelea, si bakteria. Alfred Donné alimwona Paris mwaka 1836. Tone la ute kwenye kioo, tone la maji ya chumvi, na unamwona akijitikisa. Lakini umwangalie hapohapo; baada ya robo saa akipoa hutulia, na akitulia hufanana na chembe nyeupe ya damu. Majibu mangapi ya "seli za usaha" ni trikomona waliopoa, Mungu anajua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 yeye peke yake alisababisha maambukizi mapya milioni 156, zaidi ya klamidia (milioni 129) na kisonono (milioni 82).

Kwa kuwa vipimo vilikuwa haba, shirika hilo lilibuni njia ya kutibu kwa dalili: anayetoka usaha apewe kwa pamoja dawa ya kisonono na ya klamidia, mwenye kidonda apewe ya kaswende na ya pangusa, mwenza aitwe. Ushahidi maarufu wa njia hiyo ulitoka kwetu. Kati ya mwaka 1991 na 1994 vijiji na miji 12 ya mkoa wa Mwanza ilipangwa jozi kwa jozi. Upande mmoja vituo vya afya viliboreshewa dawa na mafunzo ya kutibu magonjwa ya zinaa kwa dalili, upande wa pili vikasubiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha maambukizi mapya ya VVU yamepungua kwa takriban asilimia 40. Dunia ikashangilia. Kisha wakaja wenzetu wa Rakai, Uganda, walioingia nyumba kwa nyumba na kumpa kila mtu mzima dawa kila baada ya miezi kumi, mwenye dalili na asiye nazo. Mwaka 1999 walitangaza kwamba VVU haikupungua. Wataalamu wamebishana sana. Ninavyoona mimi, Mwanza walimtibu mgonjwa siku ile anayoumwa, wakati VVU ilikuwa bado inaenea hasa kupitia watu wenye vidonda na usaha. Rakai dawa ilipita kama mgeni wa sikukuu, mahali ambapo janga lilikuwa limekomaa na vidonda vingi vilikuwa vya virusi vya hepesi, ambavyo antibayotiki haziviathiri kabisa.

Somo la Mwanza lilifaa sana kwa wanaume wenye usaha na kwa wenye vidonda. Kwa mwanamke anayetokwa na uchafu ukeni, kutibu kwa dalili ni kubahatisha: mara nyingi ana fangasi, au bakteria wake wa kawaida wa ukeni wamevurugika, na wala hakuambukizwa na mtu. Anapewa dawa za zinaa na aibu juu yake. Na yule mwenye klamidia asiyetokwa na chochote haji kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unakiri hilo, na unataka kipimo cha vinasaba kitumike popote kinapowezekana.

Wa mwisho

Matone ya mwisho ni ya kichocho. Mayai ya Schistosoma haematobium yamejikita kwenye kuta za kibofu, na kibofu kinapojikamua mwishoni ndipo yanapotoka kwa wingi, pamoja na damu. Hata saa ina maana: mkojo bora ni wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Unachuja mililita 10, unaangalia kwa hadubini, unaona yai lenye mwiba nchani. Mtoto anayepimwa saa 1 asubuhi, mkojo wa katikati, anaweza kurudishwa nyumbani na kuambiwa yu mzima, au kuambiwa ana UTI, kwa sababu chembe za damu na za usaha zipo.

Unguja na Pemba mnaijua historia ya ugonjwa huu kuliko mimi, na pwani ya Kenya kuanzia Kwale vilevile. Lakini kuna upande wake usiosemwa sana. Mayai hayo kwa wasichana na wanawake hukwama pia ukeni na kwenye mlango wa kizazi. Huleta vidonda, damu, uchafu, maumivu wakati wa tendo la ndoa, hata ugumba. Anayetazama bila kufikiria kichocho anaona ugonjwa wa zinaa. Binti wa miaka 14 aliyeogelea mtoni na kufua bwawani anaulizwa mbele ya mama yake amelala na nani. Anapewa sindano ambayo haina lolote la kufanya na minyoo iliyo ndani yake, na anapewa sifa ambayo kijijini haifutiki. Dawa aliyoihitaji ni prazikwanteli, ile ile inayogawiwa shuleni. Na mayai yake huenda yasionekane hata kwenye mkojo. Inabidi mtu mwenye ujuzi atazame mlango wa kizazi na kutambua yale mabaka madogo yanayofanana na mchanga.

Ugonjwa usiomo kwenye mkojo

Kaswende hutaiona kwenye kikopo chochote. Kimelea chake, Treponema pallidum, kilionwa na Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann huko Berlin mwaka 1905, chembamba kama uzi uliosokotwa. Mwaka uliofuata August Wassermann alileta kipimo cha damu. Kipimo cha RPR tunachotumia ni mjukuu wa hicho: hakimtafuti mdudu, hupima kingamwili zinazojitokeza seli zinapoharibiwa, na baada ya tiba kiwango chake hushuka, tuseme kutoka 1:32 hadi 1:8. Kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole hupima kingamwili za kimelea chenyewe, na kwa wengi hubaki chanya maisha yote hata baada ya kupona. Ndoa zimevunjika kwa kutojua tofauti hiyo.

Tena kipo kitu ambacho wazee wanakikumbuka: buba. Kimelea cha buba ni ndugu wa damu wa kile cha kaswende, huambukizwa watoto kwa ngozi kugusana, na hakuna kipimo cha kawaida cha damu kinachowatenganisha. Mwaka 1908 Kanali Lambkin, daktari wa jeshi la Uingereza, aliandika katika jarida la The Lancet kwamba Buganda imevamiwa na kaswende ya kutisha, na akalaumu Ukristo na uhuru waliopewa wanawake. Kutokana na hofu hiyo serikali ya kikoloni ilianzisha kampeni ya matibabu, na hospitali ya Mulago yenyewe ilianza mwaka 1913 kama mahali pa kutibia magonjwa ya zinaa. Miaka ya 1950 daktari John Davies alipopitia upya kumbukumbu zile, alihitimisha kwamba sehemu kubwa ya ugonjwa ule haikuwa ya zinaa. Ulikuwa wa jamii ya buba, unaoambukizwa nyumbani utotoni. Nchi nzima ilikuwa imepewa tabia mbaya na watu waliosoma vidonda bila kujua wanachokisoma.

Kidonda bado kinatudanganya. Nairobi ya miaka ya 1980 kidonda cha sehemu za siri mara nyingi kilikuwa pangusa, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, walikifanyia kazi kubwa, hata wakaonyesha jinsi kinavyofungulia VVU njia. Leo pangusa imekuwa adimu. Kidonda kikija, ni hepesi zaidi ya chochote.

Pamoja na hayo yote, kwa mjamzito kipimo cha kaswende ndicho ningekichagua kama ningeruhusiwa kimoja tu. Utafiti uliofanywa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia wajawazito wenye kaswende ambayo haikutibiwa. Miongoni mwa wale waliokuwa na kiwango kikubwa kwenye RPR, mmoja katika kila wanne alijifungua mtoto mfu. Dawa yake, penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, sindano ya mara moja inayouma, ni ya zamani na ya bei nafuu, na bakteria huyu hajawahi kuizoea.

Wengine wamezizoea zao. Kisonono kilianza kushinda salfa, mwaka 1976 kikapatikana kinachovunja penisilini, kisha kikaishinda sipro, na mwaka 2009 huko Kyoto, Japani, kikapatikana cha kwanza kinachohimili vikali seftriaksoni, sindano tuliyobakiza. E. coli wetu nao katika ule utafiti wa HATUA walikuwa na usugu dhidi ya dawa nyingi kwa kiwango cha kutisha. Kila dozi iliyonunuliwa kwa ajili ya klamidia iliyoitwa UTI, au kichocho kilichoitwa UTI, imewafundisha bakteria wa utumboni mwa mtu huyo jambo ambalo wasingelijua.

Kabla sijaketi nijibu swali ambalo hunisubiri kila mahali: choo. Mnaamini UTI inatoka kwenye choo cha umma, kwa mvuke au kwa maji yanayorukia. E. coli wa UTI hutoka kwenye utumbo wa mgonjwa mwenyewe. Kisonono hufa haraka kikikauka. Trikomona anaweza kuishi saa chache kwenye kitambaa kibichi, ila kuambukizwa hivyo ni nadra. Lakini choo kichafu kina hatia nyingine. Msichana anayejua choo cha shule hakina mlango hanywi maji tangu asubuhi na hakojoi mpaka afike nyumbani saa 10 jioni. Mkojo mzito uliolala kibofuni kwa saa tisa unawapa bakteria muda wote wanaouhitaji. Kwa hiyo mwalimu mkuu akiniuliza anunue dawa gani ya kuua vijidudu chooni, namwambia aanze na mlango na komeo lake.